Umbo la Haki: Kusoma Ibara ya 12 hadi ya 32 Darasani

Swali linalojitokeza mara nyingi kuliko yote katika somo la Uraia huanza kwa kitenzi "taja". Taja haki tano za raia. Taja wajibu wa raia kwa nchi yake. Mwanafunzi aliyejiandaa hujibu kwa majina matupu: haki ya kuishi, haki ya kupata elimu, haki ya kuabudu, haki ya kumiliki mali, haki ya kupiga kura. Mwalimu huweka vema tano, na kazi huwa imekwisha. Jibu hilo lina umbo, na umbo lake lina maana: ni orodha isiyo na kiima wala kiarifu, ambamo hakuna anayetenda wala anayetendewa, hakuna sharti wala namba ya ibara, na kila kipengele kina uzito uleule wa alama moja. Nataka kulisoma umbo hilo sambamba na andiko linalodaiwa kufupishwa nalo, yaani Sehemu ya Tatu ya Sura ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Naamini kwamba haki za kikatiba hazikai katika majina yake. Zinakaa katika sentensi, na zaidi ya hapo katika uhusiano wa sentensi moja na nyingine. Mwanafunzi aliyepewa majina bila sentensi amepewa kitu ambacho Katiba haikukisema.

Sehemu hiyo haikuwamo katika Katiba ilipopitishwa Aprili 1977. Iliingia kwa Marekebisho ya Tano, Sheria Na. 15 ya mwaka 1984, na hata ilipokwisha kuingia, sheria ya mpito iliahirisha utekelezaji wake, hivyo hakuna aliyeweza kuzidai haki hizo mahakamani hadi Machi 1988. Vitabu vya shule vinapoyataja mambo haya huyaweka katika sura ya historia, mbali na sura ya haki, kana kwamba tarehe ni jambo moja na maana ni jingine. Mimi nayaona kuwa sehemu ya umbo lenyewe. Andiko lililoingizwa ndani ya andiko kongwe zaidi, lililotungwa wakati wa chama kimoja na lenye msamiati wake wa ujenzi wa taifa, haliwezi kukosa mshono, na mshono huo ndio mahali pa kuanzia kwa msomaji anayetaka kujua vazi lilishonwaje.

Ikisomwa kwa mfululizo, Sehemu ya Tatu ina mwendo wake. Ibara 21 zimepangwa kwa mafungu: usawa katika ibara ya 12 na ya 13, maisha, uhuru wa mtu binafsi, faragha na mwendo katika ya 14 hadi ya 17, mawazo, imani, kukutana na kushiriki utawala katika ya 18 hadi ya 21, kazi, ujira na mali katika ya 22 hadi ya 24, wajibu katika ya 25 hadi ya 28, masharti ya jumla katika ya 29 na ya 30, na mwishoni kabisa, katika ya 31 na ya 32, mamlaka ya pekee ya dola wakati wa hatari. Mwendo unaanza kwa binadamu ambaye bado hajakutana na dola, unaishia kwa dola iliyojihami. Ibara ndogo ya kwanza ya ibara ya 12 inazungumzia kuzaliwa, na kitenzi chake kina kiambishi hu-, njeo isiyo na tarehe ambayo lugha yetu huitumia kwa mambo yaliyo ya kawaida ya ulimwengu. Sentensi hiyo haiamuru wala haiahidi. Inaeleza hali ilivyo, na kwa kufanya hivyo inakataa kimyakimya dhana kwamba usawa umetolewa na mtu fulani anayeweza kuudai urudishwe. Ibara ya 32 iko upande wa pili kabisa wa sarufi. Kiima chake ni Rais, na sentensi zake zimesongwa na masharti, muda, kura za wabunge na taratibu za kusitisha tangazo la hali ya hatari. Darasa linalosomewa ibara hizi mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine, husikia tofauti hiyo hata kabla ya mwalimu kuieleza, na kwa maoni yangu dakika kumi za usikivu wa namna hiyo zina faida kuliko kipindi kizima cha kunakili ubaoni.

Jambo la pili la kulisikiliza ni viima. Kiima kinachotawala Sehemu ya Tatu ni "kila mtu". Neno "raia" linachukua nafasi hiyo mahali pachache tu: katika ibara ya 17, inayohusu kwenda na kuishi popote ndani ya Jamhuri, katika ya 21, inayohusu kushiriki katika utawala, katika ibara ndogo ya pili ya ibara ya 22, inayohusu fursa sawa ya kushika nafasi za kazi chini ya Mamlaka ya Nchi, na katika ya 28, inayohusu ulinzi wa Taifa. Mgawanyo huu ni wa nidhamu kubwa. Yanayogusa mwili, nafsi, imani, kauli, ujira na mali yamepewa yeyote aliyemo nchini, na mkimbizi aliye kambini Nyarugusu akiwa mmoja wao. Yanayogusa eneo la taifa, uendeshaji wake na ulinzi wake yamepewa raia. Somo linaloitwa Uraia linafundisha, basi, matini ambayo kiima chake kikuu ni kipana kuliko jina la somo, na mwalimu anayegawa haki zote kama "haki za raia" amewapunguza watu wengi bila kukusudia.

Kiima hicho kinafanya kazi nyingine ambayo, naona, haijatazamwa vya kutosha. Hakina umri. Miaka 18 inatajwa katika ibara ya 5, kuhusu kupiga kura, nje kabisa ya Sehemu ya Tatu. Ndani ya Sehemu yenyewe hakuna ibara inayomtaka mwenye haki awe amefikisha umri fulani ndipo aitwe mtu. Mazoea ya somo letu ni kumwita mwanafunzi taifa la kesho na kumfundisha haki kama mtaji atakaoutumia akishakua. Katiba haizungumzi naye hivyo. Msichana wa miaka 14 anayesoma ibara ya 16 juu ya faragha anasoma kuhusu nafsi yake ya leo, na mvulana anayesoma ibara ndogo ya sita ya ibara ya 13, inayopiga marufuku mateso na adhabu zinazomdhalilisha mtu, mara nyingi atainua mkono na kuuliza kuhusu fimbo. Swali hilo ni usomaji sahihi wa kiima. Mwalimu anaweza kulijibu kwa kueleza kwamba kuna kanuni zinazoruhusu na kuiwekea mipaka adhabu ya viboko shuleni, na kwamba kanuni ni sheria ndogo inayopaswa kupimwa kwa sheria kubwa. Anachopaswa kukiepuka ni kulizima, kwa sababu akilizima amefundisha kwamba "kila mtu" ina maana ya kila mtu mzima.

Nikaribie sasa fungu ambalo kwangu ndilo lililotungwa kwa ustadi kuliko yote, la ibara ya 22 hadi ya 25. Ibara ya 22 inampa kila mtu haki ya kufanya kazi. Ya 23 inampa haki ya malipo yanayolingana na kazi yake, bila ubaguzi. Ya 24 inampa haki ya kumiliki mali na hifadhi ya mali hiyo, na inakataza kunyang'anywa bila idhini ya sheria inayoweka fidia inayostahili. Ya 25, iliyo ya kwanza katika fungu la wajibu, inarudi kwenye kazi, safari hii ikiitaja kuwa chimbuko la utajiri wa jamii na kipimo cha utu, na kumpa kila mtu wajibu wa kujituma. Kazi iko kabla ya mali na iko baada yake. Mali haikupewa kichwa chake yenyewe kama katiba nyingi zinavyofanya. Imewekwa chini ya fungu la kazi, imetanguliwa na ujira na kufuatwa na wajibu, kiasi kwamba anayeisoma kwa utaratibu hawezi kuifikia bila kupita kwenye jasho la mtu. Mpangilio huu ni hoja. Unasema mali inatoka wapi na inadaiwa nini, na unasema hivyo kwa mahali ilipowekwa tu, pasipo neno hata moja la ziada. Msomaji wa Azimio la Arusha la mwaka 1967 ataitambua sauti hiyo mara moja, ingawa aliyeiandika mwaka 1984 alikuwa akiandika hati ya haki, aina ya andiko ambalo kwa kawaida humlinda mmiliki kwanza. Orodha ya "taja" inapoing'oa ibara ya 24 na kuiweka peke yake kama "haki ya kumiliki mali", hoja yote inapotea. Limebaki jina ambalo lingeweza kutoka katika katiba yoyote ile duniani.

Sasa elimu. Katika orodha ya mwanafunzi, haki ya kupata elimu hukaa bega kwa bega na haki ya kuishi. Katika Katiba haikai hapo. Elimu imo katika ibara ya 11, na ibara ya 11 imo katika Sehemu ya Pili, ile ya malengo muhimu na misingi ya mwelekeo wa shughuli za Serikali. Na Sehemu ya Pili ina ibara ya 7, ambayo baada ya kuiagiza Serikali na vyombo vyake kuyazingatia masharti ya Sehemu hiyo, inatamka katika ibara yake ndogo ya pili kwamba masharti hayo hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama yoyote. Kwa maneno mengine, mwanafunzi aliyeandika "haki ya kupata elimu" na kupata alama yake ametaja haki ambayo, ikikiukwa, Katiba imeizuia mahakama isiulize swali. Ukiendelea kuikagua orodha ileile ya majina matano utakuta kwamba kupiga kura kunatoka Sehemu ya Kwanza, elimu inatoka Sehemu ya Pili, na yaliyobaki yanatoka Sehemu ya Tatu. Orodha imekusanya kutoka sehemu tatu zenye nguvu tofauti za kisheria na kuzilaza zote katika mstari mmoja, na katika kulaza huko imefuta mipaka ambayo waandishi wa Katiba waliichora kwa makusudi.

Ibara ya 11 yenyewe inastahili usomaji wa taratibu, hasa vitenzi vyake. Kuhusu elimu, kila mtu amepewa haki ya kujielimisha, kitenzi kinachorejea kwa mtendaji mwenyewe. Raia ameachwa huru kutafuta elimu katika fani aipendayo hadi kiwango chochote, kwa kadiri ya stahili na uwezo wake. Na Serikali, inapoingia katika ibara ndogo ya tatu, imepewa kazi ya kufanya jitihada ili watu wote wapate fursa sawa. Kujielimisha, kutafuta, kufanya jitihada. Hakuna kitenzi cha kutoa. Hakuna mahali ambapo mtu anapokea kutoka kwa mwingine aliyelazimika kumpa. Sisemi haya ili kuidharau ibara: kuna unyofu katika kukiri kwamba dola changa isingeweza mwaka 1984 kuahidi mbele ya jaji madarasa ambayo haijayajenga, na sera za baadaye, kama elimumsingi bila ada, zimefanya zaidi ya sentensi hiyo. Nasema tu kwamba mwanafunzi ana haki ya kuijua sentensi inayomhusu yeye aliyekaa dawatini, pamoja na mpaka uliochorwa kati yake na mahakama, na kwamba hakuna somo la kikatiba lenye nguvu kuliko hilo: kugundua, kwa kusoma namba za ibara tu, kwamba haki mbili zenye jina la aina moja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti.

Ndani ya Sehemu ya Tatu yenyewe kuna mipaka ya namna nyingine, iliyofichwa katika vishazi vidogo. Nitaviita vishazi-ukomo: maneno kama "kwa mujibu wa sheria" au "bila ya kuathiri" yanayotangulia au kufuata tamko la haki na kulitia chini ya sheria ambazo Bunge linaweza kuzitunga kesho. Ibara ya 14, juu ya kuishi, ina kishazi-ukomo mwishoni mwake. Ni sentensi fupi, inayoanza kwa upana wa kila mtu na kuishia kwa rejeo la sheria, na mkia huo una uzito wa kutosha kuamua uhai. Katika shauri la Mbushuu, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani mwaka 1995 ilikubali kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, kisha ikaamua kwamba inaokolewa na ibara ndogo ya pili ya ibara ya 30, inayoruhusu sheria kubana haki kwa ajili ya maslahi ya umma. Hukumu hiyo, iwe msomaji anakubaliana nayo au la, ni zoezi kamili la usomaji wa uhusiano: ibara ya 13 ilisomwa, ya 14 ikasomwa, na jibu likatoka katika ya 30. Aliyekariri "haki ya kuishi" hana njia ya kuelewa yaliyotokea.

Vishazi-ukomo si vya milele, na hilo pia lafaa kuonyeshwa kwa matini. Ibara ya 18, juu ya uhuru wa maoni, ilikuwa na kishazi-ukomo mwanzoni mwake, kabla hata kiima hakijatamkwa. Marekebisho ya Kumi na Nne, Sheria Na. 1 ya mwaka 2005, yaliiandika upya, na sasa inaanza moja kwa moja kwa kila mtu na kushuka kwa vipengele vinne: maoni na fikra, kutafuta na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, mawasiliano yasiyoingiliwa, na kupewa taarifa za matukio muhimu. Natamani kila darasa lingeyaona matoleo haya mawili kwenye ukurasa mmoja. Kuondoka kwa kishazi hakukuondoa ukomo, kwa kuwa ibara ya 30 ingali pale, lakini kumebadilisha mahali pa mjadala: zamani kizuizi kilikuwa ndani ya haki yenyewe, sasa anayetaka kuibana haki lazima aende ibara ya 30 na kuonyesha kwamba sababu yake imo kati ya zilizotajwa huko. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuweka vipimo vya safari hiyo mwaka 1993 katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, lililohusu sharti la kupata kibali cha Serikali kabla ya kuishtaki Serikali: sheria inayobana haki isiwe ya kidhalimu, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya ya madaraka, na ibane kwa kiasi cha lazima tu. Vipimo hivyo vinaweza kufundishwa kwa kijana wa kidato cha pili kwa kutumia sheria yoyote ndogo ya halmashauri yake.

Katika fungu la wajibu, ibara ya 26 ndiyo inayonishangaza kila ninapoirudia. Ibara ndogo ya kwanza inamtaka kila mtu kuifuata na kuitii Katiba na sheria. Hapo ndipo orodha za wajibu huishia: "kutii sheria". Lakini ibara ina sehemu ya pili, inayompa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili kuhakikisha hifadhi ya Katiba na sheria za nchi. Haki hiyo haikuwekwa kwenye fungu la haki. Imewekwa chini ya utii, ikishika nafasi ya nusu yake ya pili, na uwekaji huo unatafsiri utii upya: mtiifu wa Katiba ni pamoja na yule anayeipeleka Serikali mahakamani kwa ajili yake. Jaji Lugakingira aliisoma hivyo mwaka 1994 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi, alipoona ndani ya ibara ndogo hiyo msingi wa mashauri ya maslahi ya umma. Ibara ya 30 ina mpangilio unaofanana na huo. Ibara zake ndogo mbili za mwanzo ni mipaka mitupu, kisha ibara ndogo ya tatu inamwelekeza aliyevunjiwa haki kwenda Mahakama Kuu. Mara mbili, basi, njia ya mahakama imewekwa pale ambapo msomaji wa haraka hataitafuta. Utaratibu wake uliandikwa katika sheria ya mwaka 1994 ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi, inayotaka majaji watatu, na marekebisho ya mwaka 2020 yakamtaka mlalamikaji athibitishe kwa kiapo kwamba ukiukaji umemgusa yeye binafsi. Usomaji wa Lugakingira umebanwa hapo kwa kiasi kikubwa. Mwanafunzi anayeweza kusema umebanwa wapi hasa, kati ya maneno gani, amekwisha kuisoma Katiba.

Shauri la Mtikila limeacha alama katika sentensi nyingine pia. Ibara ya 21 inampa raia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, lakini raia hatokei mwanzoni. Kabla yake zimepangwa namba za ibara nyingine, miongoni mwake ya 39 na ya 67, zinazohusu sifa za wagombea wa urais na ubunge, ambazo zinadai udhamini wa chama cha siasa. Mrundikano huo wa rejeo ni matokeo ya marekebisho ya mwaka huohuo wa 1994, Bunge lilipojibu hoja ambayo ilikuwa imefika mahakamani. Mahakama ya Rufani mwaka 2010 iliona suala hilo ni la Bunge. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua Juni 2013 kwamba haki za mlalamikaji zilikiukwa. Yote hayo yamekaa katika mstari mmoja wenye pumzi fupi, mzito kusomeka, na uzito wake wa kusomeka ndio historia yake.

Kuna jambo la lugha ambalo sitalipa nafasi kubwa, ila haliepukiki. Katiba hii iliandikwa kwa Kiswahili, na kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari amefundishwa Uraia kwa Kiingereza. Kila nilichokitaja hapo juu kuhusu hu-, kuhusu kujielimisha, kuhusu mkia wa ibara ya 14, kinahitaji matini yenyewe iliyo mbele ya macho. Nakala ya Sehemu ya Tatu haizidi kurasa chache. Shule isiyo na vitabu vya kutosha ingeweza kuichapa na kuibandika ukutani, na ingekuwa imetimiza sehemu kubwa ya mahitaji ya somo.

Nimeishutumu orodha, na sina budi kusema kwamba Katiba nayo ina orodha zake. Iliyo bora kati yake iko katika ibara ndogo ya tano ya ibara ya 13, inayofafanua ubaguzi kwa kutaja misingi yake: utaifa, kabila, mahali mtu alikotoka, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia, hali ya maisha. Tofauti yake na orodha ya mtihani ni kwamba hapa kila neno lina kazi, na likikosekana kuna mtu anayeumia. Neno "jinsia" halikuwamo mwaka 1984. Liliongezwa kwa Marekebisho ya Kumi na Tatu, Sheria Na. 3 ya mwaka 2000. Jaji Mwalusanya, alipoamua kwa upande wa Holaria Pastory dhidi ya mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, alilazimika kuujenga usawa wa wanawake kwa kuisoma Katiba pamoja na mikataba ya kimataifa. Miaka mingi baadaye, Rebeca Gyumi alipovipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama, huku mvulana akisubiri hadi 18, neno lilikuwa limekwisha kuwekwa pahala pake. Mahakama Kuu ilikubaliana naye Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Mahakama Kuu haikuvifuta vifungu hivyo papo hapo: ilitumia uwezo wa ibara ya 30, ibara ndogo ya tano, kuipa Serikali muda wa mwaka mmoja kuvirekebisha.

Darasa la wasichana wenye umri uleule uliokuwa ukibishaniwa linaweza kusoma ibara ya 13 ya Katiba kwa kalamu mkononi, likaizungushia duara "jinsia", kisha likaulizwa ni neno gani bado halimo. Watalitaja "umri". Mwingine atasema "ulemavu", na mwalimu atawaonyesha kwamba nchi ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kisha atawauliza kama "hali ya maisha", neno la mwisho na lililo wazi kuliko yote katika orodha, lina upana wa kumpokea mwenzao asiyeona, au kama yeye pia anastahili neno lake mwenyewe. Wenye kusema lina upana watatakiwa kuonyesha ni maneno gani jirani yanayowaruhusu kulisoma hivyo, na wenye kulikataa watatakiwa kuandika ibara ndogo ya tano upya, yote, kwa Kiswahili sanifu, neno jipya likiwa katika nafasi yake.